Mtoto Haagwi kwa Mkanda

2 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Ukiona barua ya karatasi usishtuke, hakuna aliyekufa. Huku makao makuu barua pepe zetu zinasomwa na watu ambao sidhani wana kazi nyingine, na simu za ofisini zinarekodiwa "kwa ajili ya kuboresha huduma". Kwa hiyo nimerudi kwenye bahasha na stempu kama babu zetu. Na wewe nijibu hivyohivyo, kwa anwani ya nyumbani, si ya kazini.

Nina habari njema. Bodi imeamua kituo chetu kiandikiwe historia. Kitabu kabisa, jalada gumu na picha ndani, kuadhimisha miaka ishirini na mitano tangu Baba aanze kurusha vipindi vya watoto. Kazi wamenipa mimi. Katika ghorofa zote za jengo hili hakuna mwingine aliyewahi kufagia studio ile, na wao wanaona hiyo ni sifa.

Nimeanza hivi: "Kampuni ilianzishwa na mwasisi mwenye maono, aliyetambua mapema pengo lililokuwepo katika soko la vipindi vya watoto na familia." Unaonaje? Niandikie yale niliyoyasahau. Mimi niliondoka mapema, wewe ndiye uliyebaki na kila kitu.

Baba anaendeleaje? Nikimuuliza Shangazi kwenye simu anasema "yupo". Shangazi akisema mtu yupo, ujue hataki kuulizwa zaidi.

Kaka yako


11 Februari

Kaka,

Nimemsomea Baba mwanzo wako. Nilipofika kwenye pengo la soko alicheka kwa ule upande wa mdomo unaoweza kucheka, akapaliwa, Shangazi akanifokea kwamba nataka kumuua mgonjwa.

Pengo gani la soko? Baba alikuwa fundi wa televisheni aliyechukua ghorofa ya juu ya duka la samani lililofilisika, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Magodoro yaliyoachwa akayasimamisha ukutani yazuie sauti. Vitanda vikawa viti vya wageni. Mpaka leo mvua ikinyesha studio inanuka sifongo, na mimi watoto naendelea kuwaaga nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha futi tatu na nusu. Andika hilo.

Andika na yule mwenye kiwanda cha peremende aliyekuja na tangazo la kwanza. Baba akamwambia, "Nenda kampe mwanao hizi kila siku kwa mwezi mzima, kisha uje naye nimwone meno." Hakurudi. Mhasibu wetu hakuongea na Baba kwa wiki nzima.

Na zaidi ya yote andika ile sheria. Nyinyi huko mnaweza kuiita sera ya kampuni, sisi tuliijua kwa maneno yake: mtoto haagwi kwa mkanda. Katuni zirudiwe mpaka ziote ndevu, lakini ile dakika ya saa moja na nusu jioni, anayewaambia watoto lala salama lazima awe mtu aliye hai, aliyekaa pale wakati uleule. Alisema mtoto anajua. Mimi sina hakika kama mtoto anajua, ila tangu Baba apigwe na kiharusi sijakosa jioni hata moja. Hata ile wiki ya mafua niliaga kwa sauti ya chura, na watoto wakaandika kumsalimia chura.

Sikio unalikumbuka? Nyumbani hatukuwa na simu, kwa hiyo Baba akimaliza kuwaaga watoto wa watu alituaga na sisi kwa mkono. Akishika sikio la kushoto: nakuja sasa hivi, bandikeni chakula. Akirekebisha tai: nitachelewa, kuleni mlale. Mama alikuwa hasikilizi hata neno, anatazama mkono tu. Sasa ni mimi ninayemfanyia yeye. Siku nyingine anachanganya watu, juzi alimwita Shangazi kwa jina la Mama, lakini mkono wangu kwenye televisheni hajawahi kuukosa. Nikishika sikio, Shangazi anampakulia. Asipoliona hali, anafumba mdomo kama mlango. Anakula taratibu maana kumeza kwake ni kazi, na nikifika namkuta katikati ya sahani, anasogea kunipisha pale kitandani. Nakwambia ukweli, Kaka, siku nzima naishi kwa ajili ya saa ile.

Huku kuna minong'ono kwamba mtapunguza watu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ila nimewaambia wenzangu watulie, mtu hawezi kukiandikia historia kitu anachotaka kukiua. Nimesema sawa?

Kitinda


23 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imenichekesha nikiwa kwenye lifti, watu wazito wakanitazama. Ya magodoro nimeiweka. Ya peremende wameitoa, kwa kuwa kiwanda hicho sasa ni cha binamu wa mjumbe wa bodi. Ya sheria imebaki, lakini imekuwa "dhamira ya ukaribu na mtazamaji". Ndiyo lugha ya huku, utaizoea.

Sikio nalikumbuka. Ingawa, nikisema kweli, mimi naikumbuka tai zaidi.

Nimefika sura ya tatu, ile ya ukuaji. Nimeandika: "Baada ya miaka kumi na minne ya uendeshaji wa kifamilia, kampuni ilikaribisha mwekezaji wa kimkakati." Sijui niseme nini zaidi kuhusu Baba Mdogo na hisa zake.

Sasa nina ombi. Siku ya sherehe kutakuwa na chumba chenye vioo vya televisheni ukutani, wageni wapite waone namna kituo kinavyowaaga watoto. Kwa kuwa kuaga kwetu hakukuwahi kurekodiwa, hatuna hata rekodi moja ya kuonyesha. Naomba urekodi kama thelathini hivi, mwezi mzima. Badilisha nguo kila mara. Usitaje siku, tarehe, mvua wala jua, wala jina la mtoto yeyote, ili zisizeeke haraka. Nitafurahi zikinifikia kabla ya katikati ya mwezi ujao.

Kuhusu minong'ono, kila kampuni ina wanong'onezi wake. Fanya kazi yako.

Kaka yako


9 Machi

Kaka,

Kuhusu Baba Mdogo sema hivi: alituuza. Neno moja, wala huhitaji sura. Aliuza hisa zake kwa watu wa kampuni mama bila kumwambia ndugu yake, akaja nyumbani jioni ile akala chakula chetu, akasifu mchuzi. Mwaka uliofuata tukapewa jina jipya la herufi tatu ambazo mpaka leo hakuna anayejua kirefu chake. Baba aliliita "lile bati".

Kuaga kwako thelathini tumekumaliza. Tulitumia siku mbili, asubuhi, maana jioni nina kazi yangu ya kweli. Nimebadilisha blauzi mpaka nikaishiwa, nikaazima za mpambaji, moja ina shanga kifuani kama taa za sherehe. Yule mpiga picha wetu tunayemwita Jicho, unamkumbuka, yule anayefumba jicho moja hata akiwa anakula, aliniuliza mara tatu kwa nini tusitaje siku. Nikamwambia ni ya maonyesho. Akasema, "Mimi nimepiga picha harusi na misiba, na sijaona maonyesho yanayohitaji mwezi mzima." Nikamwambia apunguze uchawi.

Ilikuwa vigumu kuliko nilivyodhani. Saa nne asubuhi, jua linaingia dirishani, na mimi nawaambia watoto wafumbe macho. Sikuwa na wa kumwambia. Na mazoea yana taabu, kila nikimaliza mkono unapanda wenyewe kwenye sikio. Jicho akasema turudie bila sikio, nikamwambia aache, wageni watadhani nawashwa.

Watu hapa wamefurahi kwa ajili ya kitabu. Mhasibu ameleta picha ya siku ya kwanza, Baba ana nywele. Nimeifunga humu, uitunze, hatuna nyingine.

Hukujibu swali langu. Nauliza tena, kwa maneno machache ili usipate pa kujificha: tuko salama?

Kitinda


20 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Mikanda imefika, picha imefika. Umependeza mno, hasa kwenye ile ya bluu. Mkurugenzi mwenyewe amezitazama, akasema una uso ambao mtu anauamini.

Kitabu kimeshakwenda kuchapwa. Nimekutumia sweta na dawa za kumsugulia Baba miguu. Umefanya kazi miaka mingi bila kupumzika, na nimekuwa nikifikiri kwamba ungeomba likizo ukakaa na Baba kidogo. Mtu hajui siku zake. Ninasema tu.

Pole na kazi. Msalimie Shangazi, mwambie magoti asiyapuuze.

Kaka yako akupendaye


17 Aprili

Kaka,

Hujawahi kuniandikia "mpendwa". Hapo ningepaswa kujua.

Walikuja wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa vizuri. Walileta maboksi ya kitabu chako. Tulikusanywa studio, tukakaa kwenye vitanda, kila mmoja akapewa kitabu, na chini ya kitabu bahasha. Watu walianza na kitabu. Mpambaji alikuwa anatafuta picha yake, anacheka, mhasibu alikuwa ameshafungua bahasha yake, anasoma barua ya kuachishwa kazi. Niliwaambia watu hawa kwamba hakuna anayekiandikia historia kitu anachotaka kukiua. Walinisadiki kwa sababu yako. Kumbe maiti huoshwa kwanza ndipo huzikwa, na wewe ndiye uliyepewa sabuni.

Yule mwanamke alisema studio inafungwa lakini kituo kitaendelea kuwepo hewani, "kwa hiyo kazi yenu haijapotea". Ufunguo wangu aliuchukua mkononi mwangu. Jicho aliniangalia mara moja tu, na nilitamani anikumbushe yale ya maonyesho.

Nikafika nyumbani mapema. Tangu Baba augue sikuwahi kuwa nyumbani saa moja na nusu, sikujua hata taa ya sebuleni inawaka namna gani saa hizo. Nikakaa kwenye nafasi yangu kitandani. Nilitaka kumwambia polepole, kwamba leo sikwenda. Shangazi alikuwa ameshawasha televisheni. Zikaisha katuni, nikatokea mimi. Blauzi ya bluu, ile unayoisifu.

Baba alinyanyua kichwa. Nilimshika mkono, akautoa mkononi mwangu, si kwa hasira, aliutaka ili aonyeshe kioo. Nikiwa pale kwenye kioo nikawaambia watoto lala salama, nikashika sikio. Akafumbua mdomo, Shangazi akaanza kumlisha. Nikasema, "Baba, niko hapa. Ni mimi." Akanitazama kwa adabu, kama anavyomtazama muuguzi anayekuja kumpima. Halafu akasema neno lake moja linalotoka vizuri siku hizi. "Anakuja."

Shangazi alikwenda jikoni, akakaa huko.

Sasa ni wiki ya pili, na ni hivyohivyo kila jioni. Mchana siku nyingine ananijua. Ikifika saa ile hanijui, ananionyesha kwa mkono nisogee nisimzibe. Nakaa pembeni ya baba yangu namwangalia akinisubiri.

Nimekisoma kitabu chako mpaka mwisho. Ukurasa wa mwisho umeandika, "Na kila jioni, familia itaendelea kuagwa." Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema. Walisahau kusema kwamba kinaweza kuandika vizuri.

Kitinda


29 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, mlango bado uko wazi.

Sitajitetea, nitakwambia ilivyokuwa. Januari walikuwa wameshaamua kuzima kila kitu kufikia Machi. Mkurugenzi akaniambia gharama ya kituo ni watu, mitambo haina njaa. Akasema kikiweza kujiendesha bila watu, kitabaki hewani, mwaka, labda miwili. Kilichokuwa kinahitaji mtu kila siku ni ile dakika moja tu. Nikaona afadhali nusu shari kuliko shari kamili. Watu wangeondoka hata hivyo, lakini jina lingebaki, uso wako ungebaki, na Baba angeendelea kula chakula chake cha jioni. Nilimfikiria yeye, amini usiamini. Sikukuambia kwa kuwa ungekataa, na ungekuwa na haki ya kukataa.

Sikio sikulifikiria. Wewe uliniandikia kwamba limo katika kila moja, nikasoma, nikapita.

Jana na mimi nimeitwa. Mwandishi wa historia akishamaliza historia ana kazi gani tena? Wamenipa nakala sita za kitabu na mikanda yako kama ukumbusho. Simu yangu hupokei. Niandikie, hata kama ni matusi.

Kaka yako


2 Juni

Kaka,

Matusi nilikuwa nayo, yameniishia njiani.

Nimehama. Mji wenyewe hauna maana, ni safari ya siku mbili na usiku kutoka nyumbani. Nimepata kazi kwenye kampuni inayotengeneza sauti za simu. Ukipiga benki au bima ukaambiwa "simu yako ni muhimu kwetu, tafadhali subiri", mwanamke huyo sasa ni mimi. Nimekaa kwenye chumba kidogo chenye sifongo ukutani, kinanuka kama studio yetu siku za mvua, na siku ya kwanza nilitoka nje nikalia, wakadhani nina aleji. Likizo sina mpaka mwaka uishe, na mshahara ndio unaomleta muuguzi wa Baba. Hiyo ndiyo sababu ya kusema mbele za watu.

Sababu nyingine nakwambia wewe tu. Nikikaa pale mimi ni mtu anayeziba televisheni. Nikiwa mbali, angalau mimi ni yule anayekuja.

Magoti ya Shangazi hayambebi tena, hawezi kumgeuza Baba kitandani. Huna kazi, huna mke wa kumwomba ruhusa. Miaka yote nilikuwa mimi. Sasa ni zamu yako, nenda.

Mdogo wako


8 Julai

Mdogo wangu,

Nimeshafika, ni wiki ya nne sasa. Sikuandika mapema kwa kuwa nilitaka kwanza nijue kumlisha bila kumpalia, na kazi hiyo ina ufundi wake kuliko nilivyodhani. Shangazi anasimamia akiwa kwenye kiti, ananiita "bwana makao makuu", kila kitu ninachofanya ni kibaya. Ana haki.

Baba ananijua asubuhi, nadhani. Siku ya kwanza alinishika shingoni, akaangalia kama nimevaa tai. Sikuwa nimevaa.

Jioni ni kama ulivyosema. Unatokea, unaaga, unashika sikio, anakula. Lakini kuna jambo hukulikuta. Akimeza tonge mbili tatu ananionyesha kabati, hatulii mpaka nitoe sahani yako, niipakulie, niifunike, niiweke karibu na jiko isipoe. Halafu anaanza kusikiliza mlango. Gari likipita anasikiliza. Jirani akikohoa anasikiliza. Analala akiwa bado amegeukia mlango, na mimi nachukua sahani yako, naimwaga.

Wiki ya pili binti wa jirani alikuja kuazima chumvi, akasimama mlangoni kukutazama. Sidhani amefika miaka saba. Akasema, "Huyu siku hizi si wa kweli. Anasema yaleyale na ile nguo ya shanga imerudi." Baba alituambia mtoto anajua. Kumbe ni kweli, mtoto anajua. Aliyeitunga sheria ndiye peke yake asiyejua.

Sasa la mwisho. Mwaka walioniahidi haukufika hata miezi mitatu. Tarehe thelathini Juni wamekizima kituo. Hakukuwa na tangazo wala muziki, katuni ilikatwa katikati, kioo kikawa cheusi. Baba alisubiri. Saa moja na nusu ikapita, akafumba mdomo, hakula jioni ile wala kesho yake. Nikatoa mikanda yako kwenye sanduku. Tangu siku ya pili ya mwezi huu ni mimi ninayekurusha hewani, Kitinda, kutoka nyuma ya pazia la sebuleni, kwa mtazamaji mmoja. Ninachungulia saa, ikifika nabonyeza. Nilisomea biashara.

Njoo. Hata siku mbili. Nakuomba mbele ya Shangazi, ambaye anasoma juu ya bega langu na kusema niongeze "tafadhali".

Kaka yako


25 Julai

Kaka,

Sitakuja. Nimelifikiria hili kazini, nyumbani, kila mahali. Nikija saa sita mchana ananijua, tunafurahi, na ikifika jioni ananiambia nisogee. Halafu naondoka tena. Siwezi kuondoka kwake mara mbili, mtu ambaye bado ananisubiri nifike. Kama wewe unaweza kufanya jambo hilo, basi umeumbwa kwa udongo mwingine, na hilo tayari tunalijua.

Ila sahani hiyo imeninyima usingizi. Tangu usome barua hii mpaka unijibu nitakuwa nimemdanganya jioni ngapi? Mimi sikumwahidi nakuja. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha futi tatu na nusu saa nne asubuhi, mkono wangu ukapanda wenyewe. Baba hakuwahi kushika sikio halafu asije. Akijua atachelewa alishika tai, tukachukia, lakini tulijua.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na unajua unanidai nini na mimi nakudai nini. Likate sikio. Mtafute Jicho, anakaa nyuma ya soko la nguo, atakufanyia. Nibaki naaga tu. Lala salama, basi. Akizoea kwamba siji atakula, watu huzoea.

Kitinda


12 Agosti

Kitinda,

Nilimpata Jicho. Siku hizi anapiga picha za vitambulisho. Alifanya kazi ile mwenyewe, hakutaka nimsaidie wala nimlipe, na alipofika kwenye blauzi ya bluu alifungua macho yote mawili. Sasa unasema lala salama na picha inafifia kabla mkono haujapanda. Ni kazi safi.

Jioni ya kwanza Baba alitazama mpaka mwisho. Kioo kilipokuwa cheusi alinitazama mimi. Nikaleta kijiko, akafumba mdomo. Nilidhani ni ya siku moja. Kesho yake ikawa vilevile, na ya tatu. Muuguzi akasema tumpe kwa mpira wa puani, Shangazi akamfukuza.

Ya nne, ulipokaribia kumaliza, nilikuwa nyuma ya pazia, nikamwona kwa pembeni. Alinyanyua ule mkono wake mzima, ukamchukua muda mrefu, mpaka ukafika kwenye sikio lake la kushoto. Akalishika, huku anakutazama wewe. Akakaa hivyo. Alikuwa anakukumbusha, Kitinda. Alidhani umesahau. Ulipofifia akaendelea kulishika, na mimi sikuweza kutoka nyuma ya lile pazia.

Nimelirudisha. Nakala zile za kwanza bado ninazo, Jicho hakuzifuta.

Jana ulikuwa na ile ya shanga. Ukashika sikio, Baba akafumbua mdomo, akala karibu yote. Akasema neno lake. Nikamjibu kwamba ndiyo. Kisha akanionyesha kabati, nikatoa sahani yako.

Nimeifunika, iko karibu na jiko.

Kaka yako